Taa ya zizini: Nunua kiboksi kwanza, globu baadaye

UMEME wa REA, wakala ulioanza kazi mwaka 2007, umefika vijiji vingi vya Mbulu na Hanang. Mfugaji akishamaliza taa za ndani, hufikiria taa ya nje: zizini, kwenye banda la nguruwe au mbele ya stoo ya vitunguu saumu. Sababu inaeleweka. Fisi na mwizi wote wanapenda giza.

Kuiwasha si gharama kubwa. Taa ya LED ya wati 20 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 7.2 kwa siku 30. Kwa mteja mdogo wa nyumbani anayelipa shilingi 100 kwa uniti, hizo ni shilingi 720 kabla ya kodi na tozo. Hasara inatoka kwingine: pale waya unapoungwa.

Mara nyingi waya wa ndani, ule bapa, huvutwa juu ya mabati hadi zizini, ukasokotwa na mwingine, ukazungushiwa tepu, kisha pakafunikwa chupa ya maji iliyokatwa. Jua hulikausha ganda la waya likapasuka, au ukingo wa bati hulikata. Hapo paa zima linaweza kubeba umeme, na ng'ombe anayeegemea nguzo ya chuma hana viatu.

Maungio ya nje yakae ndani ya kiboksi cha plastiki kilichoandikwa IP65. Ile 6 maana yake vumbi haliingii, jambo la maana Katesh wakati wa kiangazi. Ile 5, kinahimili maji ya kurushwa kwa mpira. Cha IP44 huzuia maji ya kurukia tu, kifunge chini ya kibaraza.

Hata hivyo, kiboksi kizuri kikifungwa vibaya ni kazi bure. Waya uingie kwa chini, kupitia glendi yenye mpira unaobana, na kabla ya kuingia uachwe uning'inie kidogo ili tone la mvua lidondoke badala ya kuufuata hadi ndani. Mbulu juu kuna jambo jingine. Mchana kiboksi hupata joto, usiku baridi ni kali, na hewa iliyomo huacha umande ndani. Ndiyo maana viboksi vingine vina alama ya kutobolea kitundu upande wa chini. Kitobolewe hicho tu. Mengine yote yazibwe, maana sisimizi na mijusi hawabishi hodi. Tena kisiwe jirani na rundo la samadi, kwa kuwa hewa ya mkojo wa mifugo hula shaba.

Waya ukipita ardhini, iwe kebo yenye ganda la nyaya za chuma, izikwe mahali ambapo jembe wala plau haifiki.

Kwenye mein swichi, fundi aweke kikata umeme cha 30mA, kinachozima mara moja umeme ukivuja, na eathi iliyozikwa vizuri. Kwa maoni yangu hiki kinunuliwe hata kabla ya taa. Fundi mwenyewe awe na leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe.

Baada ya mvua za kwanza, zima mein swichi, fungua kiboksi, uone kama ndani ni pakavu.