Mkanda au cheni? Kabla hujatoa pesa ya kruza

Kijana wa mtaani kwetu aliye kazini Muscat amenitumia picha za pikipiki mbili. Moja ni Harley-Davidson Sportster iliyokwisha tumika, ya pili ni Kawasaki Vulcan S. Zote mbili ni kruza, yaani zile pikipiki za kukaa chini, usukani umekujia kifuani na miguu umeinyoosha mbele. Ana akiba ya miaka mitatu na anataka kurudi nyumbani na chombo chake. Swali lake lilikuwa fupi: “Ami, hii ina mkanda, hii ina cheni. Ipi itanifaa huko Mombasa?”

Si swali dogo. Rangi na mlio utavizoea kwa mwezi mmoja, lakini kile kinachozungusha gurudumu la nyuma utaishi nacho mpaka siku ya kuiuza. Na kikikatika katikati ya Garsen na Witu, jua la saa nane, hakuna atakayekuuliza pikipiki yako ni ya rangi gani.

Kazi yenyewe ni moja. Injini huzungusha gia, na nguvu ikitoka kwenye gia yataka kitu cha kuifikisha gurudumu la nyuma. Njia ni tatu. Ya kwanza ni cheni ya chuma, kama ya bodaboda zote mnazoziona. Ya pili ni mkanda wenye meno. Ya tatu ni shafti iliyofungiwa ndani ya bomba na oili yake, kama zilivyo baadhi ya Honda Shadow. Shafti haina matata mengi ila ni nzito na ni ghali, na kijana wangu hakuiuliza, basi tuiwache.

Tuanze na cheni kwa kuwa tunaijua. Au twadhani twaijua. Wengi huniambia, “Nunua ya cheni, maana cheni iko kila duka la speya.” Ni kweli kwa Boxer. Kwa kruza ni kweli nusu. Cheni ina namba, na tarakimu ya kwanza ya namba hiyo hukwambia urefu wa pingili moja, kutoka pini hadi pini, kwa thumuni za inchi. Cheni ya 428 ambayo bodaboda nyingi hutumia ina pingili ya nusu inchi. Kruza kubwa huvaa 520, 525 au 530, ambazo pingili yake ni inchi 5/8. Hiyo 428 haiingii kwenye meno yake hata ukiisukuma kwa nyundo. Kwa hiyo kabla ya kununua, soma namba iliyopigwa ubavuni mwa cheni, kisha uzunguke maduka uulize namba hiyo.

Jambo jingine ni kwamba cheni za pikipiki kubwa zina ringi ndogo za mpira kwenye kila pingili. Ringi hizo zafungia ndani grisi iliyotiwa kiwandani. Ndizo zinazoifanya cheni nzuri iweze kufika kilomita 20,000 na zaidi ikitunzwa. Adui wa kwanza wa ringi hizo ni petroli, na ndiyo hiyo hiyo mafundi wetu huoshea kila kitu. Cheni yenye ringi huoshwa kwa mafuta ya taa na kitambaa au brashi laini, ikaushwe, kisha ipakwe oili ya gia, ile nzito ya namba 90, au dawa ya cheni ya kupuliza. Kila kilomita 500 hadi 1,000 hivi, na mapema zaidi ukipigwa na mvua.

Ile oili chafu inayochujwa kutoka kwa injini na kumwagwa juu ya cheni, mimi siipendi hata kwa bodaboda. Mchanga wetu ni mwingi. Ukikutana na oili chafu hugeuka msasa, na cheni ikizunguka yasaga meno yake yenyewe kilomita baada ya kilomita. Chumvi nayo haimsubiri mtu. Wanaokaa karibu na bahari, Nyali, Likoni, Lamu, wanajua kwamba chuma kilicholala wiki mbili uani bila mafuta huamka chekundu.

Na nimwambie kila kijana anayesoma hapa: cheni haipakwi mafuta injini ikiwaka na gia ikiwa ndani. Kidole kikiingia baina ya cheni na meno hakitoki kizima. Zima injini, zungusha gurudumu kwa mkono.

Sasa mkanda. Watu huuona ni kitu cha jana, lakini pikipiki zilianza na mkanda kabla ya cheni. Harley za mwanzo kabisa zilizungushwa kwa mkanda wa ngozi, na ngozi ikirowa huteleza. Cheni ikaingia kwenye Harley mwaka 1912 na mkanda ukasahauliwa kwa muda mrefu. Ulirudi mwaka 1980 kwenye Harley iliyoitwa Sturgis, jina la mji wa South Dakota ambako waendesha pikipiki hukusanyika kila mwaka. Safari hii haukuwa wa ngozi. Kampuni ya Gates ya Denver, Marekani, ilitengeneza mkanda wenye meno, ndani yake nyuzi za aramidi, jamii ya zile zinazofumwa fulana za kuzuia risasi. Mikanda ya leo mingine ina nyuzi za kaboni. Kufika miaka ya 1990 Harley ilikuwa imeuweka karibu kila pikipiki yake ya barabarani, na wengine wakafuata: Indian Scout ina mkanda, Yamaha Bolt ina mkanda.

Uzuri wake ni rahisi kuueleza. Hautaki oili, hautaki grisi, haushiki kutu. Hauna kelele. Kanzu nyeupe ya Ijumaa hairudi na madoa meusi mgongoni. Ukiwa barabara ya lami, ukauosha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, waweza kwenda kilomita 60,000 bila kuufikiria, na iko mikanda iliyopita 100,000. Kazi yako ni kuangalia umekaza kiasi gani. Kitabu cha pikipiki hukupa kipimo: kwa Harley nyingi, usukume mkanda katikati kwa nguvu ya ratili 10, kama kilo nne u nusu, uone umeshuka kiasi gani. Kila modeli ina namba yake. Ukikaza kupita kiasi waziumiza beringi, ukilegeza mno meno huruka.

Mwambieni fundi pia asiutie oili. Nasema hivi kwa sababu mkono wa fundi aliyezoea Boxer huenda kwenye chupa ya oili wenyewe.

Lakini mkanda una aibu zake, na hizi muuzaji hazitaji. Kijiwe kidogo kikirushwa na gurudumu kikaingia baina ya mkanda na puli, hakina pa kwenda. Cheni ingekivunja au kukitema. Mkanda hukimeza, kikatoboa tundu au kukata nyuzi za ndani. Waweza kuendesha miezi mingi na tundu moja katikati. Likiwa ukingoni, ama nyuzi zimeanza kuchungulia, hapo ni swali la lini. Cheni ikichoka hulia, hulegea, hukwambia mara kumi kabla ya kukatika. Mkanda uliokatwa nyuzi kwa ndani waweza kunyamaza mpaka dakika ile ya mwisho.

Haya, umekatika. Cheni ina pingili ya kuunganishia. Fundi wa kando ya barabara mwenye cheni ya namba yako aifunga kwa nusu saa. Mkanda ni duara moja lisilo na kiungo. Kwenye Harley kubwa nyingi, kuuingiza mpya ni lazima ufungue upande wa klachi na uutoe ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi anayejua, na mkanda wenyewe uwe umeshafika kutoka ng'ambo. Anayenunua pikipiki ya mkanda na aje na mkanda wa akiba tangu mwanzo. Auweke umezungushwa duara kubwa, asiukunje ukatia pembe, maana ukikunjika nyuzi huvunjika kabla haujavaliwa.

Harley wenyewe wametusaidia kujibu. Mwaka 2021 walipotoa Pan America, pikipiki yao ya safari ndefu na njia za vumbi, hawakuiwekea mkanda waliousifu miaka arobaini. Waliiwekea cheni. Anayeuza pikipiki zote zile za mkanda akafika kwenye changarawe akachagua cheni, mimi namsikiliza.

Kwa hiyo jibu langu lategemea njia, silo jina la pikipiki. Kama safari zako ni Mombasa mjini, Mtwapa, Kilifi, Malindi, lami mwanzo mwisho, na pikipiki ni ya kuendea kazini na kutembea jioni, chukua ya mkanda. Chumvi ya bahari haitakusumbua nayo, na kwangu hilo lina uzito kuliko umaridadi. Lakini kama nyumbani kwenu ni ndani, umalizapo lami una kilomita tano au kumi za murramu kila siku, huko Kwale ama Ganze, au njia za mchanga za pande za Lamu, chukua ya cheni na ukubali kazi ya kuipaka mafuta kila Jumamosi. Wako wanaobadilisha mkanda kuweka cheni, na seti za kufanyia hivyo zinauzwa, ila kununua pikipiki ghali ili uanze kwa kuibadilisha sioni maana yake.

Liko moja ambalo mkanda na cheni ni ndugu. Kruza ni fupi na mkanda wake mara nyingi uko wazi kuliko cheni ya bodaboda. Buibui, leso, ncha ya kanzu au kikoi vikishikwa na meno ya nyuma humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Abiria wako, awe mama ama mke, na akusanye nguo zake azikalie kabla gurudumu halijazunguka, na kifuniko cha cheni au mkanda kisitolewe kwa ajili ya urembo.

Na huyo muuzaji wa Muscat, kabla ya kumpa pesa, mwambie ainue gurudumu la nyuma na alizungushe polepole mbele yako. Kwenye mkanda, tazama meno yote mpaka duara liishe: ufa kwenye mizizi ya meno, nyuzi zilizochanika ukingoni, tundu la kijiwe. Tazama na puli, kama rangi ya juu imebambuka na meno yamekuwa makali. Kwenye cheni, ishike pale nyuma kabisa ya gia kubwa uivute kuelekea kwako. Ikiachana na gia ukaona nusu ya jino, imekwisha, na bei ya cheni mpya pamoja na gia zake mbili itolewe kwenye bei ya pikipiki hapo hapo.