NDEGE WA LUTEMBE NA WATU WA MAUA



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma habari za mishahara, habari za manyapara wakorofi, na habari za mikataba iliyolala mezani kwa mwajiri miezi sita. Safari hii tunaandika habari za ndege wa majini. Mtu asitucheke kabla hajasoma. Akisha kusoma, acheke akitaka.

Kwa ndugu zetu walio mbali, wa viwanda vya Jinja na wa mashamba ya miwa na chai, tueleze kwanza mahali penyewe. Ukitoka Kampala kwenda kusini unafika Ggaba, mwalo wa wavuvi, na jirani yake ni Munyonyo. Hapo Munyonyo hoteli kubwa imejenga gati la mashua za starehe, zile nyeupe zinazong'aa, ambazo wenyewe huzipanda mara chache kuliko sisi tunavyopanda basi. Mbele ya gati ni ghuba iitwayo Murchison, mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia mpaka karibu na mji. Ukifuata ukingo kuelekea Entebbe, mdomoni mwa ghuba hiyo, unakuta kinamasi cha Lutembe katika wilaya ya Wakiso. Si kikubwa. Sehemu iliyoandikishwa ilindwe ni hekta 98 tu, ndogo kuliko mashamba mengi ya chai mnayopalilia.

Sisi wa kamati ya tawi huenda upande ule baadhi ya Jumapili, tukimaliza mkutano. Hatuingii hotelini, kwa kuwa chai ya humo si ya mshahara wetu. Tunasimama upande wa mitumbwi, watu wanane kwa darubini moja. Tuliinunua kwa mchango, mtumba, na jicho lake la kushoto lina ukungu. Hata hivyo inatosha. Juu ya nguzo za gati wamekaa mnandi weusi, mabawa wameyatandaza kama mashati kwenye kamba ili yakauke. Mdiria wa madoa meusi na meupe anasimama hewani bila kushika kitu, anapigapiga mabawa, kisha anadondoka majini kama jiwe na kutoka na kidagaa. Yangeyange wanatembea kandokando. Kwazi analia juu ya mti, sauti yake unaisikia kabla ya kumwona. Na kaloli wa mjini, wale wazee wa jalalani, nao hawakosi.

Lakini wa kuwatazama hasa wako Lutembe, na huko huendi kwa miguu. Tulichanga nauli ya mtumbwi wa mashine mwezi wa Februari. Mwenye mtumbwi alizima mashine mbali, akatumia kasia, maana ndege wale hawapendi kelele. Mbele yetu palikuwa na visiwa vya mafunjo na majani vinavyoelea, na juu yake tukadhani pamemwagwa chokaa. Mara chokaa ile ikainuka. Walikuwa ni buabua, wale wa mabawa meupe, na walipopaa wote pamoja jua lilipungua. Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha nguo alisema sauti yao ni kama chumba cha mashine za kufuma zikiwashwa zote kwa mara moja. Hatuna maneno mazuri kuliko hayo.

Buabua huyu ni mdogo, uzito wake haufiki gramu 100. Anazaliwa mbali sana, katika vinamasi vya Ulaya ya mashariki na Asia: Poland, Belarus, Ukraine, Urusi. Baridi ikianza huko anashuka Afrika. Kwetu anakaa tangu miezi ya Septemba na Oktoba mpaka Aprili. Mchana hutawanyika juu ya ziwa wakila visubi, wale wanaopanda kama moshi na kuingia mpaka ndani ya sufuria za watu. Jioni hurudi Lutembe kulala, kwa sababu kwenye visiwa vile vinavyoelea mbwa hafiki na mtoto mwenye manati hafiki. Shirika la NatureUganda huendesha hesabu ya ndege wa majini, na miaka fulani hesabu ya buabua wa Lutembe imepita milioni moja. Pamoja nao wako shakwe, wengine wa hapa hapa wenye kichwa cha kijivu, wengine wageni kutoka Ulaya.

Kwa ajili hiyo Lutembe iliandikishwa mwaka 2006 katika Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran, na mataifa yaliyoahidi kulinda vinamasi vyenye maana kwa dunia nzima. Uganda iliingia mwaka 1988. Leo nchi yetu ina mahali 12 palipoandikishwa. Katika karatasi zenyewe za Lutembe hatari ilitajwa waziwazi: kinamasi kukaushwa kwa kilimo cha maua, dawa za maua kuingia majini, na msitu wa kando kukatwa kwa ujenzi na mashamba.

Hapo ndipo habari inapotufikia sisi. Kwani nani anafanya kazi katika maua? Ni wanachama wetu, na wengi wao ni akina mama na akina dada. Mashamba ya maua yalianza kuenea ukingoni mwa ziwa miaka ya 1990 kwa sababu mbili: maji ya kunyweshea na uwanja wa Entebbe. Waridi linakatwa, linapangwa kwa urefu wa shina, linatiwa katika baridi na kupelekwa Uholanzi. Ndege wa manyoya anakuja, ndege ya chuma inaondoka, na sisi tulio katikati hatuna nauli ya kufika hata Mombasa.

Tulipozungumza haya tawini, dada mmoja wa idara ya kukata alisimama akasema hivi: "Kaka zangu, buabua hawanilipii kodi ya chumba. Shamba likifungwa, mtanilisha ninyi na darubini yenu?" Watu walimpigia makofi, na sisi pia tulipiga. Swali lake ni la haki. Mtu yeyote anayekuja kwetu na habari za kulinda ndege bila kulijibu, arudi alikotoka.

Jibu letu ni kwamba chama hakiombi shamba hata moja lifungwe. Tunauliza jambo jingine: ni lazima shamba liingie majini? Malori ya udongo yanayojaza kinamasi hayaleti kazi mpya kila mara. Mara nyingi yanaleta ukuta, nyumba ya tajiri, hoteli au gati jingine la mashua zisizokwenda popote. Na dawa zinazomfikia kambare zinampitia kwanza mfanyakazi. Mwezi Oktoba 2016, katika shamba moja la maua wilayani Mukono, makumi ya wafanyakazi waliugua baada ya kuingizwa katika majumba yaliyokuwa yametiwa dawa ya udongo. Dada yule wa kukata alikuwa anaifahamu habari hiyo vizuri kuliko sisi. Alikaa chini, kisha akasimama tena kutueleza jinsi maji ya kuosha mapipa ya dawa yanavyomwagwa, na kwa njia ipi. Hakuna mtaalamu aliyewahi kutuambia hivyo.

Kinamasi chenyewe ni mfanyakazi, na hakidai posho. Maji machafu ya Kampala hushuka kwa mfereji wa Nakivubo mpaka ndani ya ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa ya mji. Kati yao kilikuwapo kinamasi kipana cha mafunjo, na mafunjo hushika tope na kunywa uchafu. Kadiri mafunjo yalivyokatwa, ndivyo gharama za kusafisha maji zilivyopanda Ggaba, na mtambo mwingine ukajengwa mbali, Katosi. Gharama hiyo hailipwi na aliyejaza udongo. Lutembe nayo inachuja vivyo hivyo, na ndani yake kamongo na kambare huzaliana. Mvuvi wa Ggaba anavua walichozaa huko.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Mwezi Aprili kisiwa cha majani kilichokatika kiliingia katika bwawa la umeme la Nalubaale, Jinja, na nchi nzima ikakosa umeme siku ile. Mwezi Mei ziwa likafika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likavuka ile ya mwaka 1964 iliyokuwa mita 13.41. Vibanda vya mwaloni vilizama, na hoteli za ufukweni zilizama. Ziwa halikuangalia hati ya nani.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 1995 inasema maziwa na vinamasi serikali inavishika kwa amana ya wananchi. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 200 za ukingo wa Ziwa Viktoria, na anayetaka kufanya kitu humo aombe kibali cha NEMA. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua hati za viwanja vya kinamasi zilizotolewa baada ya 1995 zifutwe. Lakini nendeni mkatembee ukingoni, mhesabu kuta. Na mwezi Juni 2024 tingatinga zilipofika kinamasi cha Lubigi, zilikuta nyumba za watu wa chini, wauza mboga na vibarua, wakabaki juu ya magodoro yao. Hatusemi kinamasi cha Lubigi kijengwe. Tunasema tingatinga linajua njia ya kwenda kwa maskini, na njia ya kwenda ufukweni kwa tajiri huwa linaisahau.

Kwa wanaouliza faida ya fedha, watazame Mabamba, ng'ambo ya Entebbe. Zamani wavuvi wa huko walimwona korongo domo-kiatu kuwa mkosi. Ukikutana naye asubuhi hupati samaki, basi walimuua. Siku hizi wavuvi na watoto wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtafuta ndege huyo huyo, na wanalipwa kwa safari. Si wote wanaopata, wala si kila siku. Ila ni kazi, na imepatikana bila kumwaga lori hata moja la udongo.

Tawi letu limeyatia mambo manne katika madai ya mkataba wa pamoja. Kwanza, hakuna mtu kuingia katika jumba la maua kabla saa za dawa hazijatimia, na saa hizo ziandikwe mlangoni kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaisoma. Pili, maji ya kuosha mapipa yaende katika mashimo ya kuchujia, yasiende kinamasini. Tatu, mwakilishi wa wafanyakazi awepo maofisa wa mazingira wanapokuja kukagua, kwa maana tumeona mara nyingi wanavyopitishwa njia iliyofagiliwa. Nne, anayetoa habari ya dawa kumwagwa asifukuzwe. Mwajiri amekubali la kwanza. La pili anasema anatafakari. Kwa la nne hajajibu, na kikao kitarudi baada ya Pasaka.

Wanaotaka kuja nasi wajiandikishe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa Machi, kwa sababu mwezi Aprili buabua huanza kuondoka, na wakati huo wengine wamekwisha kuvaa nguo za harusi, mwili mweusi na mabawa meupe. Nauli ya mtumbwi tutagawana. Na wewe unayeokota ndege aliyekufa ukingoni, mtazame mguu. Ukiona pete ndogo ya chuma, soma namba na jina la mji lililoandikwa, Moskwa au Gdansk au jingine, uandike na siku na mahali, umpe katibu. Tutaifikisha kwa wanaohesabu.