Mti Ulionichelewesha Shule

Mwanzoni mwa mwaka 2023, nilipokuwa nikiingia Kidato cha Pili, nilifika shuleni majuma mawili baada ya wenzangu. Bwenini waliniuliza nilikuwa wapi. Nilipowajibu kwamba nilicheleweshwa na mti, na kwamba mti wenyewe uko Marekani, walicheka mpaka kiranja akaja kutunyamazisha. Tangu usiku ule nimetaka kulieleza jambo hili sawasawa, na sasa Mhariri amenipa nafasi.

Karo yangu hulipwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba. Yeye ni mwuguzi, naye akaa katika jimbo la Minnesota, katika mji mdogo ulio jirani na Minneapolis. Wakenya wako wengi upande ule. Alinunua nyumba kwa mkopo, na nyuma ya nyumba palikuwa na mti mkubwa wa ashi. Ashi ni jamaa ya mzeituni. Mbao zake ni ngumu lakini hunyumbuka, na Wamarekani huzitumia kwa mipini ya zana na magongo ya mchezo wa besiboli. Shangazi alipotuletea picha mara ya kwanza, Baba alitazama mti kuliko nyumba, akasema, "Dada yangu amepata kivuli."

Hakujua kwamba kivuli kile kilikuwa kimekwisha hukumiwa. Mwaka 2002, karibu na mji wa Detroit, wataalamu walimgundua mbawakawa mdogo wa rangi ya kijani inayong'aa, mwenye urefu wa kiasi cha nusu inchi. Asili yake ni Asia ya mashariki, na yafikiriwa kwamba alivuka bahari ndani ya mbao za kufungia mizigo. Mdudu mwenyewe hula majani kidogo tu, wala hauui mti. Wauaji ni mabuu yake. Hayo hutoboa gome na kuchimba njia za kupindapinda chini yake, mahali hasa ambapo chakula cha mti hupita kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Njia hizo zikizunguka shina lote, mti hufa kwa njaa ingawa ardhi ina rutuba na mvua yanyesha. Yatosha miaka michache tu. Mwaka 2009 mdudu huyu alionekana St. Paul, na mwaka uliofuata Minneapolis. Amekwisha kuua miti mamilioni mengi katika Amerika ya Kaskazini.

Hapo niliuliza: kwa nini mji mmoja uwe na ashi nyingi hivyo? Shangazi alinieleza alipokuja likizo Desemba 2024, tukikaa jikoni kwa Nyanya. Zamani barabara za miji ile zilipandwa miti ya elmu pande zote mbili. Ugonjwa wa ukungu ukaiua elmu kwa maelfu, na katika miaka ya 1970 Minneapolis ilipoteza sehemu kubwa ya vivuli vyake. Basi wakapanda miti mingine mahali pa elmu, na kwa kuwa ashi hukua upesi na huvumilia baridi, wakaipanda kwa wingi. Kosa la kwanza likarudiwa kwa mti wa pili.

Sasa nieleze sheria ya mti, kwa maana hapa ndipo wenzangu walipochanganyikiwa. Huko, mti ulio katika ukanda wa majani kati ya njia ya miguu na barabara ni wa mji, na mji huukata kwa fedha zake. Mti ulio ndani ya kiwanja cha mtu ni wake mwenyewe, hata kama aliupanda mtu aliyekufa zamani. Lakini si wake kwa kila jambo. Mkaguzi wa mji akiona kwamba umeambukizwa, au wahatarisha watu, aweza kuutia alama na kumwandikia mwenye nyumba barua ya kumwamuru aukate katika muda uliowekwa. Barua ya namna hiyo ilimfikia Shangazi mwezi wa Agosti 2022.

Nilidhani ni uonevu. Mimi nimezoea kusikia watu wakikatazwa kukata miti, si kulazimishwa. Lakini mti wa ashi uliokufa si kama mwembe mkavu unaosimama shambani miaka na miaka. Hukauka upesi sana na kuwa mwepesi wa kuvunjika kama biskuti. Matawi huanguka siku isiyo na upepo. Nyumba za huko zimekaribiana, na nyaya za umeme zapita katikati. Mti wa Shangazi ungeanguka, ungeangukia chumba cha watoto wa jirani. Tena mti mmoja ulioachwa huzaa wadudu wa kuambukiza mtaa mzima. Kwa hiyo mji una haki ya kuamuru. Sijapata hoja ya kuupinga.

Shida ni bei. Miaka miwili kabla ya barua, Shangazi aliona kilele cha mti kimekuwa chembamba, na ndege aina ya kigogota wakibandua gome kutafuta mabuu. Alimwita mkataji. Mkataji akamwambia dola 1,400. Shangazi hakuwa nazo. Alikuwa akilipa mkopo wa nyumba, na karo, na dawa za Nyanya. Akangoja. Ilipokuja barua, yule yule mkataji alirudi, akaugonga mti, akakataa kuupanda. Mti mbichi mtu huupanda kwa kamba, akaukata kipande kwa kipande. Mti uliokauka wa aina hii haumchukui mtu. Hapana budi kuleta winchi kubwa ya kuyashika matawi kutoka juu. Bei ikawa dola 3,100, zaidi ya shilingi laki tatu na nusu za Kenya. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mwenye fedha hukata mapema kwa bei ndogo. Asiye nazo hungoja, na kwa kungoja hulipa maradufu.

Je, bima? Kwa kawaida bima ya nyumba hulipa mti ukishaangukia paa, lakini hailipi kuukata ungali umesimama. Na mwenye nyumba akijulikana kwamba alionywa akapuuza, huenda hata hiyo asipate.

Hapo ndipo msaada wa mji unapoingia, nao si wa namna moja. Barua ya Shangazi ilimpa nafasi ya kuchagua: atafute mkataji mwenyewe, au auache mji ulete mkandarasi wake, kisha gharama iandikwe juu ya kodi ya nyumba yake, ailipe kidogo kidogo kwa miaka kadhaa pamoja na riba. Wengi huuita huu msaada. Jirani yake wa pili, mama mjane aishiye kwa pensheni, mwenye ashi mbili, alikubali kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Sasa deni lile limeshikamana na nyumba yake. Asipolipa kodi, nyumba yenyewe yaweza kupotea. Shangazi aliogopa riba, akalipa kwa akiba yake yote. Akiba ile ndiyo iliyokuwa karo yangu. Baba akauza ndama. Hivyo mdudu wa nusu inchi, aliyetoka Asia na kukaa Minnesota, alikula ndama wetu huku Kisii.

Kwa maoni yangu, kumwahirishia mtu malipo na kumtoza riba si kumsaidia. Ni kumkopesha, na mkopo uitwe mkopo.

Msaada hasa ni ule usiorudishwa. Katika miji yenye mpango huo, mwenye nyumba huomba kwanza, huonyesha kwamba nyumba ni yake na kwamba anakaa humo, hutoa hesabu ya kipato chake, na mkaguzi huuthibitisha mti. Kisha mji hulipa gharama yote au sehemu yake. Liko sharti moja linalowanasa wengi: usikate kabla ya kupata kibali. Aliyekata kwanza akaleta risiti baadaye kwa kawaida hapati kitu, na kwa mtu mwenye mti unaoning'inia juu ya kitanda cha mtoto, kungoja karatasi ni kazi ngumu.

Minneapolis yenyewe yafaa kutazamwa. Miti ya mji ule hutunzwa na Halmashauri ya Bustani, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi. Mwaka 2014 ilianza mpango wa miaka minane wa kuondoa ashi zipatazo 40,000 katika barabara na bustani, na kupanda miti ya namna mbalimbali mahali pake. Hizo zilikuwa za umma. Wenye ashi viwanjani walijilipia. Halafu mwaka 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ambayo ndani yake mlikuwa na dola bilioni 1.5 kwa ajili ya miti ya mijini, na Septemba 2023 Halmashauri ile ilipewa dola milioni 8. Sehemu ya fedha hizo ilikusudiwa kukata ashi zilizohukumiwa katika viwanja vya watu, hasa katika mitaa ya wenye kipato kidogo, bila kuwatoza, na kupanda mingine.

Nilipomsikia Shangazi akisema hayo nilihesabu miezi. Nikamwambia, "Shangazi, ungengoja mwaka mmoja zaidi, tena ukakaa upande wa pili wa mpaka!"

Akacheka. "Mwanangu, mimi nina mshahara. Huenda nisingepata hata senti. Mwulize yule mama mjane."

Nikauliza tena kwa nini mji usilipe tangu mwanzo, maadamu ndio unaoamuru. Akanijibu kwamba fedha za mji ni kodi za watu, pamoja na wapangaji wasio na mti wala kiwanja. Si haki wamlipie tajiri bustani yake. Hilo nalikubali. Ndiyo maana kipato huulizwa. Lakini bado naona kwamba fedha zingetolewa mti ungali mbichi, kwa dola 1,400, zingetosha watu wawili kwa kila mmoja anayesaidiwa baada ya barua. Shangazi hakunijibu hilo. Alimimina chai.

Kisiki kingali nyuma ya nyumba yake. Kukisaga kwa mashine ni malipo mengine, naye ameweka juu yake beseni la sukuma wiki.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne