Mashini ya bei ndogo inapima vumbi, lakini haitaji jina lake

Mu Lubumbashi tunazoea vumbi. Wakati wa kiangazi linapanda mu barabara za Katuba, Kenya na Ruashi, linachanganyika na moshi wa makala ya bamama na wa takataka zenye kuchomwa. Sisi tunapanguza meza, basi.

Lakini hewa inaweza kupimwa. Kituo kikubwa cha kuipima kinaomba makumi ya maelfu ya dola. Mashini ya bei ndogo, wewe unaishika mu mukono: kipepeo kidogo kinavuta hewa, mwanga wa leza unapiga vumbi, mashini inahesabu. Inaona hata vumbi la chini ya mikromita 2.5, lenye kufika mu kina cha mapafu. Unywele wa mutu una karibu mikromita 70.

Kule Kampala, chuo kikuu cha Makerere kilianzisha AirQo mwaka wa 2015. Mashini zingine zilifungwa hata ku pikipiki za teksi, ili zipime hewa barabara kwa barabara. Na kwetu, pikipiki hazikosekane! Matokeo yanalinganishwa na kipimo cha OMS cha 2021: mu saa 24, wastani usipite mikrogramu 15 mu mita kyubiki moja ya hewa.

Sasa, familia ya muchimbaji ijue jambo moja. Mashini ile inasema vumbi ni kiasi gani, wapi na saa gani. Haisemi ni vumbi la nini. Kobalti, plomu ao udongo wa barabara, kwake ni sawa tu. Mwaka wa 2018, watafiti wa Unilu na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza kazi yao ya Kasulo, mu Kolwezi: batoto wa kule walikuwa na kobalti mu mikojo mara kumi kuliko batoto wenye kuishi mahali pengine. Ile ilijulikana mu laboratwari.

Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili. Mashini ituonyeshe pa kutafuta, laboratwari itaje jina. Mutu akituambia "vumbi limepunguka", tumuulize: na ndani yake muko nini?

Tukingojea, batata wavue nguo za kazi mbele ya kubeba mutoto. Nguo zile zifuliwe peke yake. Na nyumba inyunyiziwe maji kwanza, kisha ifagiliwe.