Sufu, sindano na vioo: kifuko cha Warabari

Kifuko cha sufu kinachotariziwa na wanawake wa Kirabari wa Kutch, magharibi mwa India, huenea kiganjani. Mdomo wake hukazwa kwa kamba, na uso wake hujaa nyuzi za rangi na vioo vidogo. Kwa Kihindi kifuko cha namna hii huitwa batua, na tangu zamani kilibeba pesa, tumbaku na vikorokoro vya tambuu. Mtu wa pwani ataelewa upesi: popoo na chokaa hizohizo Waswahili walizitia katika kijaluba.

Warabari kwa asili ni wafugaji wa kuhamahama. Kwa desturi, sufu ya kondoo wao ilikwenda kwa wafumaji wa vijiji kama Bhujodi, ikafumwa kitambaa kizito, kisha Wakhatri, jamii ya watia rangi, wakakitia rangi. Wanawake wa Kirabari hujulikana kwa sufu nyeusi, na weusi huo ndio unaoipa kazi yao nguvu, maana uzi mwekundu au wa manjano huwaka juu yake.

Mshono mkuu ni mnyororo. Sindano huchomoza, hurudi palepale ilipotokea na kuacha kitanzi, kisha huchomoza tena mbele kidogo, ndani ya kitanzi hicho. Kila kitanzi humshika mwenzake. Kazi ngumu ni kioo, kwa sababu hakina tundu la kupitisha uzi kama kifungo. Mtarizi hukilaza juu ya kitambaa, hukifunga kwa nyuzi chache zinazopishana, halafu hukizungushia mshono mzito unaozivuta nyuzi hizo kuelekea ukingoni mpaka kioo kionekane katikati. Zikilegea, kioo hudondoka. Zikivutwa mno, kitambaa chote hukunjamana.

Kwa vizazi vingi msichana alifundishwa sindano akiwa mdogo, kwa kuwa nguo na mifuko aliyoitarizi ndiyo aliyokwenda nayo kwa mume. Vitu vilivyotakiwa viliongezeka mpaka ndoa zikawa zinasubiri miaka. Mwaka 1995 wazee wa kundi la Warabari wa Dhebaria wakapiga marufuku utarizi wa mkono katika jamii yao, na wanawake wakageukia lesi na riboni za dukani. Wapenzi wa sanaa waliuona uamuzi huo kuwa hasara kubwa, na kweli ilikuwa hasara. Lakini wazee wale walikuwa wamehesabu jambo ambalo mnunuzi wa kifuko mara nyingi halihesabu: miaka ya ujana inayoshonwa ndani yake. Njia nyingine ilikuwapo tayari. Tangu 1969 shirika la Shrujan, lililoanzishwa na Chanda Shroff, lilikuwa likiwalipa wanawake wa Kutch kwa kazi zao za sindano.

Kutch yenyewe si ugenini Afrika Mashariki. Kutoka bandari za Mandvi na Mundra vyombo vilishuka na kaskazi hadi Unguja. Tharia Topan, mfanyabiashara mzaliwa wa Lakhpat huko Kutch, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya misafara yake. Kaniki, ile nguo ya buluu iliyokoza, ilitoka huko ikauzwa mpaka bara. Nyuma ya misafara yakaja maduka ya Wahindi: Ujiji, kisha Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, ambako hadi leo kuna mtaa uitwao Asiatique.

Kaskazini mwa mji huo, katika tambarare ya Imbo, iko Buterere. Wengi huijua kwa jalala kuu la mji na kwa mafuriko. Kazi ya sindano ingefaa sana mahali kama hapo, kwa kuwa haihitaji umeme wala cherehani, na ikianza kunyesha hukunjwa ikabebwa kwapani.

Kikwazo ni sufu. Kondoo wa Burundi huota singa fupi zisizosokoteka. Hata hivyo, makoti na masweta ya sufu hufika kwa njia ya mitumba, na joto la Bujumbura halina haja nayo. Sweta la sufu halisi likifuliwa kwa maji moto na sabuni, huku likisuguliwa, nyuzi zake hushikana, kitambaa hunenepa, na kikikatwa hakifumuki. Lenye nailoni nyingi halishikani, kwa hiyo lebo ya ndani ya shingo husomwa kwanza. Vipande viwili vya ukubwa wa kiganja hutariziwa kabla ya kuunganishwa, maana kifuko kikishafungwa sindano haina nafasi ya kugeuka. Bitana ya pamba hufuata ili mafundo ya nyuma yasinaswe na sarafu, na mwisho hupitishwa kamba. Sweta moja hutoa vifuko kadhaa. Uzi na sindano ni gharama ndogo. Sehemu kubwa ya bei inapaswa kuwa malipo ya saa za mshonaji.