Sura ya 6: Kadeti Afikapo Bandari ya Ng'ambo

Vijana wengi wa Kisumu wanaotaka ubaharia hunieleza jambo moja: wanataka meli itakayowapeleka nje. Nikiwauliza nje ni wapi, hutaja Dubai, Singapore na Rotterdam. Port Bell ya Uganda haitajwi, na Mwanza ya Tanzania haitajwi. Wazazi nao huongeza lao: ziwani si baharini, mtoto atajifunza nini huko? Fikra hizi zimewanyima vijana wa kanda hii mafunzo ambayo wenzao wa nchi nyingine huyalipia kwa fedha nyingi, na ndizo zilizonisukuma kuandika sura hii.

Nitaeleza mambo manne: kwa nini bandari za Ziwa Victoria ni za kigeni kweli, kazi ya kadeti meli inapokuwa gatini, hatari za ziwa, na jinsi muda wa ziwani unavyohesabiwa kwenye cheti.

Tuanze na ugeni wenyewe. Bandari huwa ya kigeni kwa sababu ya sheria, wala si kwa sababu ya umbali. Feri mbili za kubeba mabehewa ya reli, Uhuru na Umoja, zilijengwa Scotland na kuunganishwa Kisumu katika miaka ya 1960. Zote zilikuwa za mwajiri mmoja, Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na baharia wa Kisumu aliyefika Mwanza alikuwa bado kazini kwake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Uhuru ilibaki Kenya, Umoja ikawa ya Tanzania, na mpaka wa nchi hizo mbili ukafungwa hadi 1983. Uganda haikupata feri ya mabehewa, ikalazimika kuagiza zake tatu: Kabalega, Pamba na Kaawa. Magati hayakuhama. Kilichobadilika ni nani anayekagua hati zako unapoyafikia.

Ukaguzi huo upo hadi leo, ingawa umelegezwa. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania bado inadai pasipoti au kibali cha safari. Jumuiya mpya ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007 ili usalama wa vyombo usitegemee bandari uliyong'olea nanga. Hata hivyo, meli ikifunga kamba ng'ambo, wakala hupanda na karatasi zile zile utakazoziona Mombasa: orodha ya mabaharia, orodha ya shehena, na hati za forodha, uhamiaji na afya. Jina la kadeti limo kwenye orodha hiyo ya mabaharia. Jina likikosewa herufi moja kati ya orodha na kitambulisho, si yeye tu atakayekwama; hata meli inaweza kuchelewa kuruhusiwa kuondoka. Kadeti aombe kumsaidia afisa anayeandaa karatasi hizo. Huko ndiko atakakoelewa mpaka ni nini.

Sasa kazi ya gatini. Dhana ninayokutana nayo mara nyingi zaidi ni kwamba meli ikifika, kazi imekwisha, baharia anavaa viatu safi na kwenda kutembea mjini. Picha za simu zimeikuza dhana hii mno: kijana kasimama mbele ya mnara, nyuma yake chombo cheupe. Ukweli ni kwamba njiani meli ina zamu zake na utaratibu wa kawaida. Ni gatini ndiko uzito wote unakohama, na ni gatini ndiko meli nyingi hupata majeraha yake.

Kuna namna nyingi za kulithibitisha hilo, lakini hakuna inayonitosheleza kama upakiaji wa feri ya mabehewa, nami nitakaa hapo kwa makini.

Feri ya namna ya Uhuru hutia gati kwa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma. Inarudi nyuma taratibu hadi tezi ikae kwenye nafasi yake, kisha daraja lenye reli linashushwa juu yake, na reli za nchi kavu zinakutana na reli za sitahani. Mara nyingi injini ya garimoshi haipandi. Inasukuma mabehewa matupu, na hayo matupu ndiyo yanayosukuma yaliyojaa, ili uzito wa injini usiingie darajani. Behewa la mafuta lililojaa lina makumi ya tani. Meli imesimama majini, na kila gurudumu linalovuka tezi linaibonyeza chini.

Hapo ndipo mambo mawili yanapotokea kwa pamoja. La kwanza, tezi inazama na omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka, kwa hiyo daraja linabadili mteremko wake wakati mabehewa yakiwa juu yake. La pili, sitaha ina reli kadhaa sambamba, na behewa likiingia kwenye reli ya pembeni kulia, meli inalala kulia, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Ikilala zaidi ya kiasi, daraja linajipinda, reli mbili hazilingani tena, na gurudumu linaweza kupanda juu ya reli na kutoka. Ndiyo maana mabehewa hayapakiwi kwa jinsi yalivyojipanga uwanjani. Yanapangwa kwanza kwenye karatasi: reli za katikati, kisha pembeni kwa zamu, kulia na kushoto, huku pampu zikihamisha maji ya farumi, yaani ya kusawazisha meli, kutoka tangi la ubavu mmoja hadi la ubavu wa pili.

Mtazame kadeti mwenye akili katika saa hiyo. Amesimama mbele ya kipimo cha mwinamo, chombo kidogo chenye mshale na alama za digrii. Behewa linapovuka, mshale unatembea, naye anataja namba kwa sauti ili mtu wa pampu asikie. "Moja kulia. Moja na nusu. Mbili." Pampu inanguruma, mshale unasita, unaanza kurudi. Kijana huyo amejifunza kwa macho yake kitu ambacho kitabu kinakieleza kwa kurasa 20 za hesabu.

Kuna funzo jingine ndani ya matangi hayo, nalo hupuuzwa sana. Tangi lililojaa pomoni halina hatari kubwa, na tangi tupu pia. La kuogopwa ni lile la nusu, kwa kuwa meli ikiinama, maji yaliyomo hukimbilia upande uliolala na kuongeza mwinamo. Matangi kadhaa ya nusu yakifanya hivyo kwa pamoja, meli hupoteza nguvu ya kujinyoosha. Kwa hiyo upakiaji ukiisha, afisa mzuri huuliza hali ya kila tangi, moja baada ya jingine, kabla ya kuruhusu kamba zilegezwe. Mabehewa nayo hufungwa breki, huwekewa kabari na kukazwa kwa minyororo yenye skrubu. Kadeti aiguse kila skrubu kwa mkono wake, kwa sababu behewa likilegea usiku wa mawimbi hakuna wa kulizuia.

Ukifika Port Bell, utaona kwa nini mpango ulifanywa vile kule Kisumu. Kinachotoka kwanza ni kilichoingia mwisho, na kila behewa linaloshuka linaiacha meli nyepesi upande mmoja. Asiyefikiria upakuaji wakati wa kupakia huja kulipa katika bandari ya pili kwa muda na hatari. Huu ndio msingi wa shehena duniani kote, iwe behewa la dizeli au kontena za Rotterdam.

Daraja lile linafundisha pia kuhusu maji. Watu husema ziwani hakuna maji kupwa na kujaa, basi gati ni lile lile kila siku. Ni kweli kwamba Mombasa bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 nyakati za bamvua, na kwamba ziwani hakuna mwendo wa namna hiyo. Lakini ziwa lina mwendo wake, wa misimu na wa miaka. Mei 1964 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.41. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi magati mengi yakakosa kina. Kisha Mei 2020 kikafika mita 13.42, na fukwe nyingi, kutoka Kisumu hadi Port Bell, zikafurikiwa. Daraja la reli lililojengwa kwa kimo kimoja cha maji haliwezi kuhudumia vimo vyote hivyo kwa mteremko ule ule. Kadeti anayeuliza kabla ya kila gati, maji yako wapi leo, atakuwa tayari kwa Mombasa na kwa bandari yoyote.

Nije kwenye hatari za ziwa, ambako maneno ya ovyo ni mengi kuliko kwingine. Chombo kikizama, utasikia kwamba ziwa limedai mtu, au kwamba jini limeamka. Nguzo ya maji inayoshuka kutoka wingu jeusi, ambayo Wajaluo huiita nyakoi, watu huipigia ngoma na madebe ili iende zake. Nyakoi ni upepo unaozunguka chini ya wingu zito la mvua, na haina masikio. Inapita yenyewe baada ya muda mfupi, na baharia anayeiona anageuza chombo na kukaa mbali nayo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Usiku hugeuka, na pepo za pande zote zikikutana katikati ya ziwa hunyanyua mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwapata wavuvi gizani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani humu kila mwaka. Anayewafundisha vijana kutupa sarafu majini badala ya kusikiliza utabiri anashiriki katika vifo hivyo.

Tazama ajali mbili. Meli ya abiria MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Mamia ya watu walikufa. Feri MV Nyerere, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa ni 228. Hapo hakuna jini. Kuna gati ambalo hakuna aliyesimama mlangoni kuhesabu na kusema basi. Zile karatasi zinazowachosha vijana ndizo zinazotenganisha meli na kaburi.

Kuhusu cheti nitasema kwa ufupi. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa 1978, unaojulikana kwa herufi STCW, unahusu meli za baharini, nao unaziacha nje zinazotembea maji ya ndani pekee. Kadeti wa sitaha anayetaka cheti cha afisa kwa njia ya mafunzo yaliyoidhinishwa anahitaji angalau miezi 12 ya utumishi katika meli za baharini. Kwa hiyo asiamini mtu anayemuuzia ahadi kwamba safari za Port Bell zitamfikisha kwenye meli ya Dubai moja kwa moja. Aulize Mamlaka ya Bahari ya Kenya kabla ya kulipa hata shilingi. Lakini asifikirie pia kwamba muda wa ziwani umepotea. Atakayepanda meli ya bahari akiwa ameshajua orodha, farumi, minyororo na kimo cha maji atatumia miezi hiyo 12 kujifunza yaliyobaki, wakati mwenzake bado anatafuta tezi iko upande gani.

Kisumu sasa inajenga meli tena; MV Uhuru II imeundwa hapo hapo. Kila feri inayong'oa nanga kuelekea Port Bell au Mwanza ingefaa iwe na vitanda viwili vya kadeti, daftari la mafunzo linalosainiwa katika kila bandari, na afisa mmoja aliyepewa jukumu la kuwafundisha. Gharama yake ni chakula na nafasi ya kulala. Wenye meli na vyuo wanaweza kukubaliana juu ya hilo mwaka huu, na kijana anayesoma sura hii ana haki ya kuwauliza kwa nini bado.