Je, Wajua? Pua Ina Dawa Yake, Kifua Kina Yake

Je, wajua kwamba histamini, ile inayokupigisha chafya mfululizo, ndiyo pia inayousaidia ubongo kukaa macho? Ndiyo maana klorofeniramini, ile Piriton ya kidonge cha manjano, hukausha makamasi na papo hapo humtia mtu usingizi: hupenya hadi ubongoni. Dereva wa bodaboda asiimeze kabla ya kazi. Loratadini, dawa ya aina hiyohiyo, hupenya kidogo tu. Setirizini nayo ni afadhali, ingawa wapo inaowasinzisha.

Je, wajua dawa hizi, ziitwazo antihistamini, haziiondoi histamini mwilini? Huwahi vipokezi vyake, kama abiria aliyewahi siti ya daladala. Kwa hiyo mwenye mzio wa chavua hufaidi zaidi akimeza kabla ya kutoka, kuliko akisubiri macho yawashe.

Je, wajua aliyefungua njia ya dawa hizi ni Daniel Bovet, mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris? Dawa yake ya kwanza ilikuwa na sumu mno kwa binadamu. Tuzo ya Nobel aliipata hata hivyo, 1957.

Je, wajua kidonge cha mafua ya mzio hakitibu pumu? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pumu inapobana, misuli ya njia za hewa hujikaza na kuta zake huvimba, na histamini ni mchokozi mmoja tu kati ya wengi. Salbutamoli ya kuvuta hulegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache. Steroidi ya kuvuta hutuliza uvimbe siku hadi siku. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu mzima asitegemee salbutamoli peke yake. Sembuse Piriton! Kifua kikipiga miluzi, ni inhela kwanza, na isiposaidia, hospitali.

Lakini pua na kifua ni ndugu. Jioni ya Novemba 21, 2016, dhoruba ya radi ilipiga Melbourne, Australia, msimu wa chavua ya nyasi. Unyevu ulizipasua chembe za chavua zikawa vipande vidogo vya kufika mapafuni. Maelfu walikimbilia hospitali, watu 10 wakafa. Wengi waliougua walikuwa na mafua ya mzio, na baadhi yao hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu.

Je, wajua pua iliyoziba kabisa haisikii sana vidonge vya antihistamini? Steroidi ya kupuliza puani huifungua vizuri zaidi, ila hutaka kutumiwa kila siku.

Je, wajua feksofenadini, antihistamini nyingine, haipatani na juisi ya chungwa wala ya tufaha? Juisi huizuia kufyonzwa vizuri. Imeze kwa maji.

Na ukipangiwa kipimo cha mzio cha ngozi, mwambie daktari kama unatumia antihistamini. Kwa kawaida utaambiwa uiache siku kadhaa kabla, la sivyo ngozi haitavimba hata kwa kile kinachokudhuru.